Daktari Alisomea Wapi?

Shosho alimzaa mamangu 1961, kijijini chini ya Chogoria, njia ya Meru na Embu. Hospitali ilikuwepo: Dkt. Clive Irvine wa misheni ya Kanisa la Scotland aliianzisha 1922. Lakini madaktari walikuwa wachache. Kenya ilipata shule yake ya udaktari 1967; kabla ya hapo, Mkenya alienda kusomea Makerere, Uganda.

Usiku ule alikuwepo mkunga tu. Shosho alivuja damu hadi alfajiri. Alipona, lakini hakuzaa tena.

Leo madaktari wa familia wanasomea papo hapo Chogoria, hadi upasuaji wa uzazi. Nikimwambia, shosho huuliza swali moja: “Na wakimaliza, watabaki?”