Mnato

Mnato ni ile sifa ya vitu vinavyotiririka, vikiwa vimiminika au gesi, ambayo kwayo tabaka moja la kitu huzuia mwendo wa tabaka lililo jirani yake wakati moja linapokwenda upesi kuliko lingine. Ni aina ya msuguano, lakini si ule wa ubao juu ya ubao, utokeao pale nyuso mbili zinapogusana. Ni msuguano ulio ndani ya kitu chenyewe, umeenea katika kila sehemu yake, na haudhihiri ila kitu hicho kinapokuwa katika mwendo. Maji yaliyotuama birikani na asali iliyotulia chupani havitofautiani kwa upande huu, kwa kuwa hakuna tabaka linalolipita lingine. Tofauti huonekana mara vinapomiminwa.

Wanaoanza ilimu hii aghalabu huchanganya mnato na uzito, na yafaa kosa hilo liondolewe mapema, maana likiachwa huharibu kila kinachojengwa juu yake. Mafuta ya zeituni yana mnato unaozidi ule wa maji kwa makumi ya mara, walakini yakitiwa majini huelea, kwa sababu ujazo mmoja wa mafuta una uzito mdogo kuliko ujazo ule ule wa maji. Zebaki nayo ina uzito wa mara 13.6 kuliko maji, na mnato wake haufikii hata mara mbili ya mnato wa maji. Uzito wa ujazo, ambao wanafizikia huupima kwa densiti, hutokana na wingi wa mata iliyokusanyika mahali pamoja. Mnato hutokana na namna molekuli zinavyopokezana mwendo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na ushahidi ulio bora kuliko wote juu ya tofauti hiyo utakuja tutakapofika kwenye gesi.

Aliyeweka msingi wa hesabu ya mnato ni Isaac Newton wa Uingereza, katika kitabu chake Principia kilichotoka mwaka 1687, ambamo alichukulia ya kuwa ukinzani utokanao na ukosefu wa utelezi baina ya sehemu za kimiminika huwa kwa kadiri ya kasi ya sehemu hizo kuachana. Muradi wake hufahamika kwa kufikiri vibao viwili bapa vilivyolazwa sambamba, na baina yake pamejaa kimiminika. Kibao cha chini kimekazwa kisitikisike, na cha juu kinavutwa kwa kasi isiyobadilika. Tabaka lililogusana na kibao cha juu hufuatana nacho sawasawa, lililogusana na cha chini husimama kabisa, na matabaka ya katikati hugawana kasi daraja kwa daraja, kila la juu likilivuta la chini yake na kila la chini likilirudisha nyuma la juu yake. Kani ya kuvuta kibao huongezeka kwa kadiri ya eneo lake na kasi yake, na hupungua kwa kadiri nafasi baina ya vibao inavyozidi kuwa pana. Na kile kizidisho kinachobaki baada ya hayo yote kuhesabiwa, ambacho ni mali ya kimiminika chenyewe wala si ya vibao, ndicho kiitwacho mnato. Kizio chake ni paskali-sekunde: ikiwa kibao cha mita 1 mraba, kilicho mbali na mwenziwe kwa mita 1, chahitaji kani ya newton 1 ili kiende mita 1 kwa sekunde, basi mnato ni paskali-sekunde 1. Maji katika nyuzi 20 za sentigredi yana mnato wa kama 0.001 tu, gliserini yapata 1.4, na hewa takriban 0.000018.

Huenda msomaji akastaajabu kuambiwa kwamba tabaka linalogusa kitu kigumu husimama nacho, hata kama maji ya juu yake yanakwenda mbio. Jambo hili lilijadiliwa na wanazuoni kwa miaka mingi katika karne ya 19 kabla ya kukubaliwa, na dalili yake iko juu ya vichwa vyetu: mapanga ya pangaboi hukata hewa siku kutwa, na bado vumbi hukaa juu yake bila kupeperushwa, kwa kuwa hewa iliyo karibu kabisa na panga huzunguka pamoja na panga.

Kanuni ya Newton ilikaa karibu miaka 150 kabla ya kupata ithibati iliyo thabiti, na aliyeileta hakuwa mwanahesabu bali tabibu. Jean Léonard Marie Poiseuille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1797, alitaka kujua damu hupitaje katika mishipa iliyo myembamba kupita kiasi. Na kwa kuwa damu huganda na mishipa hunyumbulika, alitumia maji na vijibomba vya kioo ambavyo kipenyo chake kilikuwa sehemu ndogo tu ya milimita. Alipima kwa uangalifu ambao hata leo ni wa kusifiwa, akabadilisha kanieneo, urefu wa kijibomba, upana wake na joto la maji, kimoja baada ya kimoja, na matokeo aliyoyatangaza tangu mwaka 1840 yalikuwa haya: kiasi cha maji kinachopita kwa dakika huongezeka kwa kadiri ya kanieneo, hupungua kwa kadiri ya urefu, na hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara nne. Mjerumani Gotthilf Hagen, mhandisi wa mambo ya maji, alikuwa amefikia natija kama hiyo mwaka 1839, wala hapana aliyejua kazi ya mwenziwe. Kwa hiyo kanuni hii hubeba majina ya wote wawili. Kizio cha zamani cha mnato, poizi, ambacho ni sehemu 1 ya 10 ya paskali-sekunde, kilipewa jina hilo kwa heshima ya Poiseuille.

Inafaa kusimama kidogo hapa, kwa sababu katika milango yote ya somo hili hakuna ugunduzi unaogusa maisha ya watu kuliko huu. Bomba likipunguzwa kipenyo nusu, halipitishi nusu ya maji ya kwanza, wala robo, bali sehemu 1 tu ya 16. Mshipa ukipungua upana kwa sehemu 20 katika 100, kwa sababu ya mafuta yaliyoganda kandoni mwake, na mambo mengine yakabaki kama yalivyokuwa, damu inayopita hubaki kama 41 katika 100. Na ili kuirudisha kiasi chake cha awali, kanieneo ingepaswa kuongezwa zaidi ya mara mbili. Mwili una hila zake za kujisaidia, na damu haitii kanuni hii kwa ukamilifu, lakini msingi wa hatari ya mishipa iliyosongwa ni huo. Muuguzi naye, achaguapo sindano yenye tundu pana kwa dawa iliyo ya mafuta na sindano nyembamba kwa dawa iliyo kama maji, yumo katika hesabu ya Poiseuille ijapokuwa hakutajiwa jina lake.

Sasa tuje kwenye gesi, ambako maana hasa ya mnato hujifunua. James Clerk Maxwell, Mskoti, alionyesha kwa hesabu mwaka 1860 kwamba mnato wa gesi hautegemei densiti yake: hewa ikipunguzwa chomboni hata ikabaki nusu, mnato wake haubadiliki. Yeye mwenyewe aliona natija hiyo ni ya ajabu, na hakuridhika mpaka aipime. Katika mwaka 1865, nyumbani kwake Kensington, London, alining'iniza visahani vya kioo kwa waya ndani ya chombo kilichozibwa, akaviacha vijizungushe huku na huko, na akatazama upesi wa kupungua kwa mwendo huo. Mkewe, Katherine, alishirikiana naye na kushughulika na moto ili joto la chumba liwe sawa na walitakalo. Hesabu ikathibitika: katika kanieneo zilizotofautiana sana, ukinzani ulikuwa ule ule.

Sababu yake ni hii. Molekuli za gesi zimetengana, hazishikani. Kila moja hukimbia upande wowote mpaka igongane na nyingine. Chukua mfano wa mashua mbili zinazokwenda sambamba, moja mbio na moja pole pole, na mabaharia wake wakawa wanarukiana bila kukoma: kila atokaye mashua ya mbio huingia na mwendo wake katika ile ya pole pole akaisukuma mbele kidogo, na kila atokaye ya pole pole huizuia ile ya mbio, hata kasi za mashua mbili hizo zikakaribiana ijapokuwa mbavu zao hazikugusana. Huo ndio mnato wa gesi. Ukiondoa nusu ya molekuli, wachukuzi wa mwendo hupungua nusu, lakini kwa kuwa nafasi imekuwa pana kila mmoja hutoka mbali mara mbili kabla ya kugongana, na hivyo huleta tofauti ya mwendo iliyo kubwa mara mbili. Upungufu na ziada hufutana. Na gesi ikipashwa moto, molekuli huongeza mbio na mapokezano huzidi, kwa hiyo mnato wa hewa hupanda kwa joto.

Kimiminika hufanya kinyume. Humo molekuli zimebanana, na kila moja imeshikwa na jirani zake. Ili tabaka liteleze, sharti mishiko hiyo ivunjwe na kufungwa upya, na joto huirahisisha kazi hiyo. Maji yaliyo karibu na kuganda yana mnato wa sentipoizi 1.79, katika nyuzi 20 hushuka mpaka 1.00, na yanapochemka hubaki 0.28.

George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland, aliyakamilisha mwaka 1845 yale yaliyoanzwa na Mfaransa Claude-Louis Navier mwaka 1822, yaani milinganyo ya jumla ya mwendo wa vitu vyenye mnato, na mwaka 1851 akatoa kanuni ya ukinzani unaoupata mpira mdogo uendao pole pole ndani ya kimiminika au gesi. Kwa kanuni hiyo twaweza kuhesabu kwamba tone la wingu lenye nusu kipenyo cha milimita 0.01 huanguka kama sentimita 1.2 tu kwa sekunde, na ndiyo sababu mkondo mdogo wa hewa ipandayo hutosha kuyazuia mawingu yasishuke. Robert Millikan wa Marekani aliitegemea kanuni hiyo alipopima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta. Na kwa kuwa thamani ya mnato wa hewa aliyoitumia ilikuwa na upungufu kidogo, chaji aliyoipata nayo ilipungua kidogo, ikarekebishwa baadaye mnato ulipopimwa upya. Ni fundisho zuri kwa anayedhani kwamba mnato ni jambo la mafuta ya gari peke yake.

Haya yote husihi iwapo matabaka yanakwenda kwa utulivu. Osborne Reynolds, akiwa Manchester mwaka 1883, alipenyeza uzi wa rangi katika maji yaliyopita ndani ya bomba la kioo, akaona kwamba kasi ikiwa ndogo uzi hunyooka, na ikizidi kiasi fulani huvurugika na rangi ikajaa bomba zima. Kinachoamua ni nisba moja: kasi mara kipenyo mara densiti, igawanywe kwa mnato. Katika bomba utulivu aghalabu huvunjika nisba hiyo ipitapo 2000 na kitu. Na kwa kuwa maji katika bomba la sentimita 2 huifikia 2000 kwa mwendo wa sentimita 10 tu kwa sekunde, maji ya mifereji ya nyumba zetu mara nyingi yamo katika msukosuko. Katika nisba hii mnato huingia ukiwa umegawanywa kwa densiti, na hapo hewa, kwa wepesi wake, huyapita maji kwa yapata mara 15.

Si kila kitu kinachotiririka humtii Newton. Rangi ya ukuta hulainika inaposuguliwa kwa brashi na kuwa nzito tena ikiachwa, na hivyo haichuruziki. Wanga wa mahindi uliotiwa maji machache hukaza ukipigwa na kulegea ukiachwa. Vitu hivyo havina mnato mmoja, bali kila kasi ina wake.

Katika nchi zetu, funzo kubwa la mnato limeandikwa na volkano. Uji wa mawe wenye silika nyingi ni mgumu kusogea, kwa kuwa silika hujiunga minyororo. Wenye silika kidogo hukimbia. Nyiragongo, katika Kongo, una silika kidogo mno, na tarehe 10 Januari 1977 ziwa lake la moto lilipopasua kando za mlima, uji ulishuka kwa kasi isiyowapa wengi nafasi ya kukimbia. Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, umekwenda mbali zaidi: J. B. Dawson alieleza mwaka 1962 kwamba hutoa uji wa kabonati za sodiamu na kalisi, karibu bila silika kabisa, ambao hutiririka chini ya nyuzi 600, wakati uji wa volkano nyingine nyingi huhitaji 1000 na zaidi. Uji huo ni mweusi unapotoka, na kwa unyevu wa hewa hugeuka mweupe katika siku chache.

Kwa upande mwingine wa kipimo iko lami, ambayo ikipigwa nyundo huvunjika kama kioo. Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, aliimimina katika faneli mwaka 1927, akakata shina la faneli mwaka 1930, na tangu hapo hudondoka tone moja kwa miaka kadhaa. La tisa lilidondoka mwaka 2014. Mnato wake umekadiriwa kuwa mara bilioni 230 ya ule wa maji.

Fundi wa magari huyakuta mambo haya kwenye kopo la oili lililoandikwa 20W-50. Nambari ya kwanza, yenye herufi W, ni daraja la oili katika baridi, injini inapowashwa. Ya pili ni daraja lake katika nyuzi 100, injini ikiwa imepata moto. Oili ya kawaida ikifaa asubuhi huwa nyepesi mno adhuhuri, kwa ile kaida ya vimiminika kupoteza mnato kwa joto. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya ndani yake molekuli ndefu ambazo hujikunja katika baridi na kukunjuka katika moto, zikarudisha sehemu ya mnato uliopotea, mpaka zinapokatika kwa kusagwa baina ya vyuma na oili ikalazimu kubadilishwa.