Aina Mbili za Uzazi katika Kuvu ya Miti ya Elmi

Maradhi ya miti ya elmi yalionekana katika Ulaya ya magharibi mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza, na kwa miaka kadha watu walibishana juu ya asili yake. Wako hata walioshutumu gesi za sumu za vitani. Mwaka 1922 Bi. Bea Schwarz, mwanafunzi wa Profesa Johanna Westerdijk katika Uholanzi, alieleza ya kuwa muuaji ni kuvu izibayo mishipa ya maji ya mti. Wengi hawakusadiki, mpaka mwaka 1927 mwenziwe, Bi. Christine Buisman, alipoitia kuvu hiyo katika miti yenye afya, nayo ikaugua.

Lakini kazi yake iliyo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya mwaka 1932. Aliotesha pamoja kuvu za asili mbalimbali, akaona ya kuwa baadhi zilikaa bila kuzaa, na nyingine zilifanya vichupa vidogo vyeusi vyenye vijimbegu. Ikabainika kwamba zipo aina mbili, ziitwazo A na B. A huzaa na B, wala si na A mwenziwe. Mfasiri wa Kiswahili na ajihadhari hapa: hizi si mume na mke, maana kila moja yaweza kushika nafasi ya kike au ya kiume. Mfano ulio karibu ni wa koo mbili zisizooana ndani kwa ndani. Buisman alifariki mwaka 1936, naye ana umri wa miaka 36, kabla maana ya ugunduzi wake haijaonekana yote.

Katika miaka ya 1960 na 1970 likaja pigo la pili, kali kupita la kwanza; Uingereza ilipoteza miti zaidi ya milioni 25. Clive Brasier alionyesha kwamba hii ni kuvu nyingine, na mwaka 1991 akaiita Ophiostoma novo-ulmi. Kila ilikoingia upya ilienea kama nasaba moja, yenye aina moja tu ya uzazi. Nyuzi za ndugu wa nasaba moja huungana, na katika kuungana virusi hupita, vikaidhoofisha kuvu. Palikuwa na tumaini, basi, kwamba maradhi yangepungua yenyewe.

Haikuwa hivyo. Kuvu mpya ilizaana, kwa nadra, na ile ya zamani, Ophiostoma ulmi. Machotara wao ni dhaifu, hawadumu. Lakini kwa njia yao mgeni alijipatia jeni za aina ya uzazi aliyoikosa, pamoja na jeni zitambuazo ndugu na asiye ndugu. Paoletti, Buck na Brasier walilithibitisha jambo hili mwaka 2006. Tangu hapo A na B zikazaa nasaba nyingi, nyuzi zikakataana, na virusi vikakosa njia. Kuvu ya zamani imekaribia kutoweka katika Ulaya, na jeni zake hizo zingali ndani ya ile iliyoishinda.