Kipande cha Ziada

Fundi alipogonga chasisi ya Land Rover ya baba mkubwa, hapa Mabamba, nyundo ilizama. Bodi ni ya alumini, haina kutu: Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Chasisi ndiyo ya chuma, tena ina uwazi ndani. Tope likiingia humo, kutoka ni kazi.

Fundi ataikata, achomelee vyuma vipya, kisha afunge springi laini na shokapu mpya. Gari litatulia, sibishi.

Ila springi za nyuma zina kipande kimoja cha ziada. Baba mkubwa alikiongeza mwishoni mwa 1993. Rais Ndadaye alikuwa ameuawa Oktoba, Warundi wakavuka mpaka kuja huku, naye akawa anabeba wagonjwa na vikongwe, gari likilala nyuma. Kwenye nyaraka ninazosoma kwa ajili ya tasnifu yangu, safari zile sijazikuta.

“Baba, hicho kipande tusikiuze chuma chakavu.”

“Utakipeleka chuoni?” Akacheka. Kisha akamwambia fundi akifute grisi, nisije nikachafua begi.