Namba ya McCabe: Tulianzaje Kupima Ugumu wa Programu?

Msomaji, leo tuangalie historia kidogo. Chukua programu ya mistari 50 tu, ndani yake kuna "if" 25 zinazofuatana, moja baada ya nyingine. Si kubwa, sivyo? Ukurasa mmoja unatosha. Sasa hesabu njia ambazo kompyuta inaweza kupitia kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila "if" inazidisha njia mara mbili, kwa hivyo unapata njia 33,554,432. Ukijaribu njia moja kila sekunde, usiku na mchana bila kulala, utamaliza baada ya siku 388.

Mfano huo wa njia (hesabu ya siku ni yangu) ni wa Thomas McCabe, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la ujasusi la NSA. Aliutoa Desemba 1976 katika jarida la IEEE la uhandisi wa programu. Miaka hiyo kulikuwa na wakubwa walioamini kwamba dawa ya msimbo mgumu ni kuufupisha tu. (Ofisini tunasema "kodi", lakini hiyo tuwaachie KRA.) McCabe aliona urefu unadanganya.

Alifanya hivi. Aliuchora msimbo kama ramani: kila kipande cha maagizo ni kituo, na kila mahali unapoweza kwenda kutoka hapo ni barabara. Kisha akaazima kanuni ya hisabati ya grafu: idadi ya barabara, toa vituo, jumlisha 2. Huna haja ya kuchora chochote. Hesabu maamuzi, ongeza 1. Ile programu yetu inapata 26. Namba hiyo pia hukuonyesha idadi ya njia za msingi za kufanyia majaribio, na 26 ni afadhali sana kuliko milioni 33!

Ninachokipenda zaidi kwenye makala ile ni kwamba McCabe alichora grafu za programu halisi za Fortran, akagundua kwamba mara nyingi unaweza kumtambua mwandishi kwa umbo la grafu yake, kama mwandiko wa mkono.

Alipendekeza moduli isizidi 10, ila akasema wazi kwamba 10 si namba ya miujiza. Orodha ndefu ya "case", kwa mfano, aliiruhusu ipite. Sehemu hii husahaulika sana. Kuna timu zinazoikatakata fankisheni nzuri vipande vipande ili tu kifaa cha ukaguzi kinyamaze.

Mwaka 2013 namba hii ilifika mahakamani, Oklahoma, katika kesi dhidi ya Toyota kuhusu gari la Camry lililodaiwa kuongeza mwendo lenyewe mwaka 2007, ajali iliyoua mtu mmoja. Mtaalamu Michael Barr, aliyeitwa na walalamikaji, alieleza kuwa fankisheni 67 kwenye msimbo wa kudhibiti mwendo zilizidi 50, na moja ilizidi 100. Uchunguzi wa NASA wa 2011 haukuwa umepata hitilafu ya kielektroniki iliyosababisha matukio ya aina hiyo, lakini baraza la wazee wa mahakama liliamua dhidi ya kampuni. Namba peke yake haithibitishi kosa. Inaonyesha tu jinsi ilivyo vigumu kwa mtu yeyote kuapa kwamba kosa halipo.

Hata hivyo kipimo hiki kina upofu. Zile "if" 25 ukizipanga kwa kufuatana, au ukizitumbukiza moja ndani ya nyingine, McCabe anakupa 26 zote mbili. Macho yako hayakubali! Ndiyo maana G. Ann Campbell wa SonarSource, kampuni ya Uswisi, alitunga kipimo kingine kinachomfikiria msomaji wa msimbo, na kufikia 2018 alikuwa amekieleza kwenye makala ya kitaaluma. Humo kila kina kinaongeza adhabu: "if" 25 za kufuatana zinapata 25, zilizotumbukizwa zinapata 325. Na ile orodha ya "case"? Yote inahesabiwa 1.