Tatu bila, halafu tatu kwa tatu

Jumapili iliyopita sikuandika kodi hata mstari mmoja. Nilikuwa hapa Magongo, malori yakipiga honi barabarani kama kawaida, nikamwekea mjomba kwenye laptopu mechi ya Simba na Yanga ya tarehe 20 Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Mjomba alikulia Tanga, na kwa Simba humwambii kitu.

Kwa wasioijua mechi hiyo: kipindi cha kwanza kilikuwa cha Yanga kabisa. Mrisho Ngassa, ambaye msimu uliotangulia alichezea Simba, alifunga la kwanza. Mganda Hamis Kiiza akaongeza mawili. Mapumziko, 3-0. Kipindi cha pili Betram Mwombeki akarudisha moja, kisha mabeki wawili wakamaliza kazi: Joseph Owino wa Uganda na Gilbert Kaze wa Burundi. Ikaisha 3-3.

"Mimi nilijua tutarudisha," mjomba akasema. "Niliwaambia wote hapa."

Jamani, mimi nilikuwepo! Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Ndugu yake alikuwa akimpigia simu kutoka Dar kila bao likiingia. La tatu la Yanga lilipoingia, mjomba alizima simu akalala. Habari ya sare aliipata usiku.

Lakini mjomba si mwongo. Sisi waandika programu tunaijua hali hii. Mfumo ukianguka, unafungua faili la logi, na kila mstari unaonekana ulikuwa ukikuonya, ilhali kabla ya hapo hukuona lolote. Hata mimi, bado ni 3-0 kwenye skrini, nilijikuta nasema, "Tazama, Yanga wameshachoka."

Kilichonikosesha usingizi ni jambo jingine. Siku ile kocha wa Simba alikuwa Abdallah Kibadeni, yule yule aliyefunga matatu tarehe 19 Julai 1977, Simba ilipoipiga Yanga 6-0. Mjomba alikuwa mtoto, akaisikiliza redioni, na amenisimulia mara nyingi. Hiyo siwezi kumwekea kwenye laptopu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka miaka ya 1990. Tuna matokeo na wafungaji. Yaliyobaki, yaani nani alitoa pasi na mtaa ulisikikaje, yamo vichwani mwa watu wa umri wa mjomba, na nimeshaona kichwa kimoja kinavyojihariri.

Basi nilichukua simu nikamrekodi, bila kumkatiza. Baadaye nikalinganisha. Kibadeni matatu: sahihi. Jumanne Masimenti mawili: sahihi. Selemani Sanga wa Yanga kujifunga: sahihi. Mvua anayosema ilinyesha Tanga jioni ile nimeiandika kando, chini ya kichwa "kwa mujibu wa mjomba". Kila kauli ibaki na jina la aliyeisema, kama tunavyofanya kwenye kodi.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani aliyesikiliza mechi ile, awe Simba au Yanga, mrekodi wiki hii. Ubishi mtafanya baadaye. Wangu tayari ameanza: anasema simu ile hakuizima, iliisha chaji.