Toka orodha ya wapagazi hadi mlango wa ukumbi

Tarehe 17 Novemba 1874, msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na watu 356. Idadi hiyo tunaijua kwa sababu wapagazi na askari waliandikwa majina kabla ya safari. Orodha ndiyo iliyoamua nani apewe posho, mshahara wake umeanza lini na mzigo upi uko kichwani kwa nani. Agosti 1877, msafara ulipotokea Boma karibu na mlango wa mto Kongo, walibaki 115. Wengine waliuawa na ndui, njaa, vita na maporomoko ya mto, wengine walitoroka. Waliosalia waliporudishwa Unguja, ndugu wa marehemu walilipwa stahili zao, na bila majina yale wasingekuwa na pa kushika.

Mwambao huu umehesabu watu tangu zamani, ila karibu kila mara kwa ajili ya fedha. Kabla ya mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash alifunga nao biashara ya watumwa baharini, forodha ya Unguja ilitoza ushuru kwa kila kichwa cha mtumwa. Wajerumani nao walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, walihesabu mapaa, si waliolala chini yake. Nyumba ikishika moto usiku, daftari la kodi lisingemwambia mtu nani hajatoka.

Tabia hiyo haijatuacha. Mgeni anayelala gesti, Bagamoyo au kwingineko, huandika jina, atokako na aendako. Daftari hilo ni la manufaa kwa polisi, lakini hukaa mapokezi, ndani ya jengo lile lile. Moto ukianzia hapo, orodha inaungua kabla haijasomwa.

Somo chungu tulilipata majini. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, walikosafiri wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha kabisa, na ndiyo maana hesabu ya waliokufa imebaki makadirio, mamia kwa mamia. Hili linaniuma kuliko yote: maskini walilipa nauli na bado hawakuandikwa. Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wapatao 600. Tume ya uchunguzi ilikuta walipanda zaidi ya 2,000.

Nchi kavu hatukuwa salama zaidi. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa katika ukumbi uliofurika. Tangu hapo, sikukuu zikikaribia, polisi hupiga marufuku disko toto, yaani dansi za watoto kumbini. Marufuku hiyo ina haki yake, lakini inaacha swali pale pale: ukumbi huu unabeba watu wangapi?

Jibu linatokana na ukubwa wa sakafu, na zaidi na idadi na upana wa milango ya kutokea. Ukishaijua idadi, kazi inabaki mlangoni. Tiketi huhesabu aliyeingia tu. Aliyetoka, au aliyepitishwa mlango wa nyuma, haonekani. Ndiyo sababu vifaa vya kisasa vya kuhesabu kwa miale au kamera huangalia pande zote mbili, vikijumlisha na kutoa. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000 na mageti ya kadi, lakini Mei 28, 2023, katika fainali ya Yanga na USM Alger, msongamano wa kuingia uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine. Walio nje ya geti nao wanahitaji kuhesabiwa.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua majengo chini ya sheria ya 2007. Wenye kumbi, gesti na mabweni wa Bagamoyo, msingoje ukaguzi. Pimeni milango yenu, andikeni mlangoni idadi ya mwisho ya watu, mpeni mlinzi kihesabio cha mkononi, na nakala ya daftari iwekwe nje ya jengo kila usiku.