Mabishano kuhusu takwimu za vifo vya UVIKO-19 nchini Tanzania

Mabishano kuhusu takwimu za vifo vya UVIKO-19 nchini Tanzania yalitokea miaka ya 2020 na 2021. Yaliihusisha serikali, vyama vya upinzani, Kanisa Katoliki, ubalozi wa Marekani na Shirika la Afya Duniani (WHO). Swali lilikuwa watu wangapi walikufa kwa ugonjwa huo, hasa jijini Dar es Salaam. Kwa zaidi ya mwaka mmoja idadi rasmi ya vifo ilibaki 21.

Kusimama kwa takwimu

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020 na Waziri wa Afya Ummy Mwalimu. Kifo cha kwanza kilitokea Dar es Salaam tarehe 31 Machi. Tarehe 29 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitaja wagonjwa 480 na vifo 16. Zanzibar, yenye wizara yake ya afya, iliendelea kutoa taarifa hadi mapema Mei, na hapo hesabu ya nchi ikafikia wagonjwa 509 na vifo 21. Tarakimu hizo hazikubadilika tena hadi katikati ya mwaka 2021.

Tarehe 3 Mei 2020 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alisema kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa kwa siri katika maabara ya taifa na baadhi zikaonekana kuwa na virusi. Mkuu wa maabara hiyo alisimamishwa kazi siku iliyofuata. Hoja hiyo ilihusu watu kuhesabiwa kuwa wagonjwa ilhali hawaumwi. Haikugusa wale waliokufa bila kupimwa, na hao ndio walioulizwa zaidi na wapinzani.

Baadaye serikali ilitumia kipimo kingine, yaani idadi ya waliolazwa. Tarehe 17 Mei rais alisema wagonjwa katika hospitali ya Amana, Ilala, walikuwa wamepungua kutoka 198 hadi 12, na Mloganzila, Ubungo, kutoka 30 hadi 6. Mwezi Juni alitangaza kwamba korona imeondoka nchini kwa maombi.

Mazishi ya Dar es Salaam

Mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei 2020 zilisambaa video za watu waliovaa mavazi ya kujikinga wakizika usiku jijini. Kwa wengi jambo hilo lilikuwa zito kuliko tarakimu yoyote, kwa sababu maziko katika mitaa ya Kinondoni au Temeke ni shughuli ya majirani wote, na kuzikwa gizani bila watu kulionekana kuwa dalili ya kitu kinachofichwa. Hata hivyo video peke yake haikuweza kuonyesha marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Mazishi ya haraka yenye watu wachache yalifanyika pia katika nchi zilizotangaza takwimu zao kila siku.

Taarifa za wizara zilitaja vifo kwa taifa au kwa mkoa, si kwa kata au mtaa. Kwa hiyo mkazi wa Mbagala au Tandale hakuwa na namna ya kulinganisha tarakimu rasmi na misiba aliyoihudhuria.

Tarehe 13 Mei 2020 ubalozi wa Marekani ulionya kwamba hospitali nyingi za Dar es Salaam zilikuwa zimezidiwa. Serikali ilikanusha na kumwita kaimu balozi ili ajieleze. Kituo cha Kwanza TV, kilichosambaza onyo la ubalozi kuhusu ugonjwa huo mtandaoni, kilifungiwa miezi 11 mwezi Julai. Mwezi huohuo kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilizuia kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa bila idhini ya mamlaka husika.

"Changamoto ya upumuaji"

Mwanzoni mwa 2021 matangazo ya misiba yaliongezeka, na maneno "nimonia" na "changamoto ya upumuaji" yakachukua nafasi ya jina la ugonjwa. Chama cha ACT-Wazalendo kilivunja desturi hiyo mwezi Januari kilipotangaza kwamba Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana UVIKO-19. Alifariki tarehe 17 Februari katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi.

Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, alisema mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamekufa ndani ya miezi miwili baada ya kupata matatizo ya kupumua. Hakudai kwamba wote walikuwa na korona, kwani hawakuwa wamepimwa. Uzito wa taarifa yake ulikuwa kwamba kanisa huwafahamu watumishi wake kwa majina, na liliweza kuhesabu vifo bila kungoja maabara.

Kurudi kwa taarifa

Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ugonjwa wa moyo. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, ambayo mwezi Mei ilishauri takwimu zitolewe tena. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai. Hesabu ya WHO kwa Tanzania ilifikia baadaye vifo 846, lakini miezi ya ukimya haikujazwa.

Ugumu wa kuhesabu

Hata bila kuficha, hesabu ingekuwa pungufu. Familia nyingi huzika kwa kibali cha mazishi tu na kutafuta cheti cha kifo pale tu mirathi au mafao yanapokidai. Huko Lusaka, Zambia, watafiti walipima maiti 364 katika chumba cha maiti cha hospitali kuu kati ya Juni na Septemba 2020, na kukuta virusi katika asilimia 15 hadi 20 kulingana na kigezo kilichotumika. Wengi wao hawakuwahi kupimwa wakiwa hai, na wengi walifia nje ya hospitali.